Kompyuta Inayozima Katikati ya Gemu: Je, Kifaa Kipya Kinasingiziwa?

Mtu ananunua kadi ya grafiki yenye nguvu kuliko ile ya zamani, anaifunga, anawasha kompyuta, na kila kitu kinakwenda sawa. Video zinacheza, Windows inafunguka haraka. Anafungua gemu, na baada ya muda skrini inakuwa nyeusi au mashine nzima inazima na kujiwasha yenyewe. Akiuliza mafundi watatu anapata majibu matatu. Wa kwanza anasema pawasaplai ni ndogo. Wa pili anataka apigiwe Windows upya. Wa tatu anamwambia kadi ni mbovu, airudishe ilikotoka. Kila fundi anao wateja wa kweli waliopona kwa dawa yake, ndiyo maana hakuna anayelegeza msimamo.

Anayelipia mabishano hayo ni mwenye kompyuta. Wengi hununua pawasaplai, kisha RAM, kisha ubao mama, na tatizo linabaki palepale kwa sababu hakuna aliyeuliza mashine inazima kwa namna gani. Hoja zote zinazotolewa zina ukweli ndani yake, ila hazina uzito sawa kwa kila kompyuta. Zaidi ya hayo, mara nyingi kifaa kipya hakikuleta udhaifu. Udhaifu ulikuwapo, nacho kimeufichua.

Kwa nini ni gemu, na kwa nini ni sasa

Kuandika barua na kuperuzi mtandaoni huigusa prosesa kwa vipindi vifupi, kisha inapumzika. Gemu hubana prosesa, kadi, RAM, diski na pawasaplai kwa pamoja, tena kwa mzigo usiotulia. Mchezaji akiwa kwenye menyu, kadi inafanya kazi ndogo. Akiingia vitani, mzigo unapaa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha unashuka, kisha unapaa tena.

Mabadiliko hayo ya ghafla ndiyo yanayoeleza jambo linalowashangaza wengi. Kompyuta inaweza kufaulu jaribio la FurMark kwa saa nzima, ikafaulu Prime95 kwa saa nzima, kisha ikazima ndani ya dakika tano za gemu. Programu hizo hukandamiza kifaa kimoja kwa mzigo usiobadilika. Kufaulu majaribio hayo kunathibitisha kwamba kifaa kinahimili uzito. Hakuthibitishi kwamba kinahimili mrukaruko.

Halafu kuna upande wa kubadilisha kifaa. Kadi mpya inayotoa fremu nyingi huilazimisha prosesa iandae fremu nyingi zaidi. Prosesa iliyokuwa ikiisubiri kadi ya zamani sasa haipati nafasi ya kusubiri. Joto la kadi linamwagika ndani ya kasha na kupasha vilivyo jirani. Nyaya zimesogezwa, RAM imeguswa na kiwiko, plagi imerudishwa bila kufika mwisho. Kwa hiyo mtu anayesema "nimebadilisha kadi tu" amebadilisha mzigo wa kila kitu kilichomo ndani ya kasha.

Hoja ya umeme

Hii ndiyo hoja yenye wafuasi wengi, nayo ina msingi imara. Kadi ya GTX 1060 ilitengenezwa kutumia wati 120. RTX 3080 hutumia wati 320, na RTX 4090 wati 450. Sloti ya ubao mama hutoa hadi wati 75, plagi ya pini sita huongeza 75, na ya pini nane huongeza 150. Mtu anayeruka vizazi viwili vya kadi bila kugusa pawasaplai anaiomba pawasaplai kazi ambayo haikuundiwa.

Afrika Mashariki hoja hii ina nguvu ya pekee kwa sababu ya aina ya kompyuta tunazoanzia. Vijana wengi wanaocheza gemu Dar es Salaam au Nairobi hawaanzi na mashine iliyoundwa kwa gemu. Wananunua kompyuta ya ofisi ya mtumba, kama Dell OptiPlex au HP, Kariakoo au Luthuli Avenue, kisha wanaiongezea kadi. Ni njia ya busara, maana bei ni nafuu na mashine hizo zimejengwa imara. Ila ziliundwa kwa ajili ya hati na jedwali.

Chukua OptiPlex 9020 ya mnara. Pawasaplai yake ni ya wati 290. Prosesa yake ya Core i7-4770 imepangiwa wati 84. Ukiifunga kadi ya RX 580, yenye wati 185, umeshafika 269 kabla hujahesabu diski, RAM, feni na ubao mama wenyewe. Pawasaplai za aina hiyo kwa kawaida hazina plagi ya kadi ya grafiki, kwa hiyo muuzaji anampa mteja waya wa kugeuza plagi ya SATA kuwa ya pini sita au nane. Plagi ya SATA imekusudiwa kupitisha takriban wati 54 kwenye laini yake ya volti 12. Kuiomba 75, sembuse 150, ni kuipasha moto mpaka plastiki ilainike. Hapo kuzima kwa kompyuta ni onyo tu. Kinachoogopwa ni moto. Tena ubao mama wa 9020 unapokea umeme kwa plagi ya pini nane ya Dell badala ya ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawasaplai ya dukani haiingii bila kigeuzi. Mtu anayeambiwa "badilisha pawasaplai tu" aelezwe hilo kabla hajatoa hela.

Jambo la pili ni tofauti kati ya wastani na kilele. Wati zilizoandikwa kwenye boksi la kadi ni wastani. Kwa muda mfupi mno, unaopimwa kwa mikrosekunde, kadi za kisasa huvuta zaidi ya hapo. Baadhi ya pawasaplai, hata za kampuni nzuri, huona mruko huo kama hitilafu na kukata umeme ili kujilinda. Ndiyo sababu mwongozo wa ATX 3.0 wa mwaka 2022 uliwataka watengenezaji wa pawasaplai zenye plagi mpya ya kadi wahakikishe zinahimili hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Pawasaplai ya zamani yenye wati za kutosha kwenye karatasi inaweza kushindwa na mruko huo huku hesabu ya wati ikionyesha kwamba yote ni salama.

La tatu halizungumzwi vya kutosha, nalo linatuhusu sana: umeme unaoingia kutoka ukutani. Umeme ukikatika kwa kitambo, pawasaplai huishi kwa chaji iliyobaki kwenye kapasita zake. Miongozo ya ATX kwa muda mrefu imetaka akiba hiyo itoshe kwa takriban milisekunde 16 au 17 ikiwa na mzigo mkubwa. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Nafasi hiyo ni finyu, na kwa pawasaplai za bei rahisi ni finyu zaidi. Akiba hiyo huisha haraka kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa. Mtikisiko uleule wa umeme, wakati friji inapowaka au rilei ya stebilaiza inapobadili nafasi, hupita bila kuonekana mtu anapoandika, lakini huizima mashine anapocheza. Mwenye kompyuta ataapa kwamba umeme ni mzuri maana taa haikuzima. Anasema kweli. Taa haihitaji kinachohitajika hapa.

Hata hivyo hoja hii ina udhaifu wake. Inatumika kupita kiasi. Kama gemu imejifunga yenyewe na kukurudisha kwenye Windows iliyo hai, umeme ndio mshukiwa wa mwisho. Umeme ukipungua vya kutosha kuleta madhara, kwa kawaida mashine nzima huzima au kujiwasha upya bila ujumbe wowote. Pia wati zilizoandikwa kwenye pawasaplai ya bei ya kutupa si za kuaminika. Kutoka wati 450 za kampuni inayojulikana kwenda "wati 750" zisizo na jina kunaweza kuwa kushuka daraja.

Jaribio la bure lipo. Programu kama MSI Afterburner inaruhusu kupunguza umeme wa kadi hadi asilimia 70, na gemu nyingi zinaruhusu kuweka kikomo cha fremu. Kama kuzima kunakoma, umepata dokezo zito. Ila ni dokezo tu, kwa kuwa kupunguza umeme kunapunguza pia joto na mwendo wa kadi. Kati ya hayo matatu, hujui bado ni lipi lililoponya.

Hoja ya draiva na Windows

Wanaotetea hoja hii wanaanza na faida yake: haigharimu kitu. Aliyetoka kadi ya AMD kwenda Nvidia, au kinyume chake, anabaki na mabaki ya draiva za zamani. Programu iitwayo Display Driver Uninstaller, maarufu kama DDU, iliundwa kwa ajili ya kuyafuta. Windows nayo ina mlinzi wake. Kadi isipojibu ndani ya sekunde mbili, mfumo hudhani imeganda na kuiwasha upya draiva. Gemu nyingi hazivumilii hilo, zinajifunga. Dalili yake ni skrini kuwa nyeusi kwa kitambo kisha kurudi, huku muziki au sauti ya marafiki ikiendelea kusikika.

Mfano mkubwa zaidi wa hoja hii ulitokea Septemba 2020. RTX 3080 ilitoka tarehe 17 mwezi huo, na ndani ya siku chache wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba gemu zinajifunga kadi inapopanda kupita megahezi 2,000. Ikaibuka nadharia kwamba chanzo ni kapasita zilizo nyuma ya chipu: kadi zenye kapasita kubwa sita za aina moja eti ni mbovu, na zenye mchanganyiko wa zile ndogondogo ni nzima. EVGA, mmoja wa watengenezaji wa kadi hizo, ilisema wazi kwamba muundo wa sita haukupita majaribio yake ya matumizi halisi, ikaubadilisha kabla ya kuuza. Watu wakaanza kufungua picha za migongo ya kadi na kuzihukumu kwa macho. Kisha tarehe 28 Septemba Nvidia ikatoa draiva 456.55, na kwa watumiaji wengi malalamiko yakaisha, zikiwemo kadi ambazo kapasita zake zilikuwa zimeshahukumiwa.

Wapenda draiva husema: mnaona, ilikuwa programu tu. Lakini wapimaji waligundua kwamba kadi nyingi baada ya draiva hiyo zilikuwa haziruki tena hadi mwendo wa juu kabisa uleule. Programu iliponya kwa kuiondoa kadi ukingoni mwa uwezo wake. Kuuliza kama tatizo lilikuwa la programu au la kifaa ni kuuliza vibaya. Kifaa kilikuwa kimesukumwa karibu na mpaka wake, na draiva ndiyo iliyokuwa ikiamua kiende mbali kiasi gani. Mafundi wengi wangepunguza ugomvi kama wangelikubali hilo.

Kuhusu kupiga Windows upya, nina mashaka nayo kama hatua ya kwanza. Inachukua siku, inafuta mipangilio ya mtu, na baya zaidi inafuta ushahidi. Kwa kawaida skrini ya bluu huacha faili ndogo kwenye folda ya Minidump ndani ya Windows, na kila kuzima huacha alama kwenye kumbukumbu za matukio. Fundi anayeanza kwa kufomati anachoma faili la kesi kabla hajalisoma. Kupiga upya kuna nafasi yake pale ubao mama umebadilishwa na diski ya zamani imehamishwa na mfumo wake wote, au baada ya hatua nyingine kushindwa.

Hoja ya RAM na mwendo

Hii ndiyo ninayoiona inapuuzwa kuliko zote, hasa kwa waliobadilisha prosesa, ubao mama na RAM kwa mkupuo mmoja.

RAM inayouzwa kwa jina la mwendo mkubwa haifiki mwendo huo yenyewe. Inaanza kwa mwendo wa kawaida uliowekwa na shirika la JEDEC, na ule ulioandikwa kwenye boksi unapatikana kwa kuwasha mpangilio maalumu ndani ya BIOS: XMP, ulioletwa na Intel mwaka 2007, au EXPO wa AMD ulioanza na Ryzen 7000 mwaka 2022. Kuwasha mpangilio huo ni kuvisukuma vifaa kupita mwendo wa msingi. Muuzaji anauita wa kawaida, mtumiaji anauamini, na hakuna anayemweleza kwamba kidhibiti cha RAM kilicho ndani ya prosesa yake hakikuahidiwa kufika huko.

Idadi ya vipande nayo ina uzito. Kwa Ryzen 7000, AMD inataja mwendo wa 5200 kwa vipande viwili vya DDR5. Kwa vipande vinne inashusha hadi 3600. Mtu aliyekuwa na viwili vinavyofanya kazi kwa 6000, akanunua vingine viwili vinavyofanana kabisa na kuviongeza, ameingia eneo ambalo mtengenezaji hakuliahidi. Kompyuta itawaka na kazi za ofisi zitakwenda. Gemu itamuumbua.

Dalili ya RAM ni kutotabirika. Leo ni skrini ya bluu ya MEMORY_MANAGEMENT, kesho gemu inajifunga bila neno, keshokutwa faili la gemu linasemekana limeharibika. Makosa yanayobadilika kila siku bila mpangilio yanapaswa kumpeleka mtu kwenye RAM kabla ya kwingine kokote. Programu ya MemTest86 ikionyesha kosa hata moja, kesi imekwisha. Isipoonyesha, RAM haijaachiwa huru, maana jaribio hilo hufanyika wakati kadi ya grafiki imetulia na kasha ni baridi. Jaribio lenye nguvu zaidi ni kuzima XMP au EXPO na kucheza kwa siku kadhaa. Kinachopotea ni fremu kiasi, na kinachopatikana ni jibu.

Joto

Joto ni hoja ya kweli, ila ni rahisi kuipima na haihitaji maneno mengi. Prosesa za leo hujipunguza mwendo kabla ya kuzima. Nyingi za Intel hufanya hivyo karibu na nyuzi 100. Kwa hiyo joto kwa kawaida hutangulizwa na gemu kuwa nzito na feni kupiga kelele. Saa ndiyo shahidi: mashine inayozima sekunde chache baada ya gemu kufunguka haijapata muda wa kuchemka, na inayozima kila mara baada ya dakika ishirini huenda imechemka. Programu ya HWiNFO huandika nyuzi zote kwenye faili hadi sekunde ya mwisho. Kwenye kasha dogo la ofisi, chumba cha Dar mwezi wa Februari, vumbi la miaka kwenye feni na kadi mpya inayopuliza joto ndani, jaribu kwanza kufungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani. Ikipona, ni joto.

Hoja ya kifaa kibovu

Wapo wanaosema tuache kuzungukazunguka: kadi ni mbovu. Wakati mwingine wako sahihi kabisa. Julai 2021, wakati wa majaribio ya gemu ya New World, baadhi ya kadi za RTX 3090 za EVGA zilikufa kabisa. Umma uliilaumu gemu, kwa kuwa menyu yake iliruhusu fremu bila kikomo. Amazon, wenye gemu hiyo, iliweka kikomo. Baadaye EVGA ilieleza kwamba kwenye kadi zilizokufa kulikuwa na kasoro ya ulehemu kwenye sehemu ya umeme, na kwamba zilikuwa chache, takriban dazeni mbili. Gemu haikuunda kasoro hiyo. Ilitoa mzigo uliotosha kuifichua.

Soko la mtumba linaipa hoja hii uzito zaidi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Kadi ya uchimbaji si lazima iwe mbovu, kwani nyingi ziliendeshwa kwa mzigo uliotulia na umeme uliopunguzwa. Cha kuangalia ni feni zilizochoka, pedi za joto zilizokauka, na BIOS ya kadi iliyobadilishwa kwa ajili ya uchimbaji na kuachwa hivyo. Hilo la mwisho huleta kuganda ndani ya gemu, nalo hutibika kwa kurudisha BIOS ya kiwandani. Zipo pia kadi feki: chipu ya miaka ya GTX 550 Ti inayojitangaza kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z imekuwa ikizitambua nyingi kati ya hizo tangu 2018. Kuifungua mbele ya muuzaji ni kazi ya dakika moja.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inathibitishwa kwa njia moja tu ya kuaminika: kuifunga kadi kwenye kompyuta nyingine inayojulikana kuwa nzima, yenye umeme wa kutosha. Bila hilo, kuirudisha ni kubahatisha, na muuzaji akiiwasha kwenye mashine yake na ikafanya kazi, mteja anaondoka na kadi ileile na heshima pungufu.

Pale ujumbe wa kosa unapodanganya

Hakuna kesi inayofundisha kuliko ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14. Wamiliki wa Core i9-13900K na 14900K walikuwa wakifungua gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine na kupokea ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imejaa. Kadi zao zilikuwa na kumbukumbu tele. Wengine walibadilisha kadi, ujumbe ukarudi vilevile. Aprili 2024 Nvidia yenyewe ikawaelekeza wenye prosesa hizo waende Intel.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki: gemu inapofunguka, prosesa hufumua data iliyobanwa na kuikabidhi kwa kadi. Prosesa isiyo imara ilikuwa ikikosea hesabu kwenye ufumuaji, na kosa likajitokeza mwisho wa mnyororo kwa sura ya upungufu wa kumbukumbu ya kadi. Aliyeusoma ujumbe kwa neno lake alinunua kifaa asichohitaji.

Hapo nako misimamo iligongana. Mwanzoni kidole kilielekezwa kwa watengenezaji wa ubao mama, ambao mipangilio yao ya awali iliondoa vikomo vya umeme ili mashine ionekane na kasi. Shutuma hiyo haikuwa ya bure. Lakini Julai 2024 Intel ilikiri kwamba microcode yake yenyewe, yaani maagizo ya ndani ya prosesa, ilikuwa ikiomba volti za juu kupita kiasi, jambo lililoichosha chipu taratibu. Marekebisho yakaja kwa njia ya BIOS, likiwemo toleo la 0x129 Agosti 2024 na 0x12B mwezi uliofuata, na waranti ikaongezwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya. Chipu iliyokwisha kuumia haiponi. Kwa hiyo anayenunua prosesa ya mtumba ya kizazi hicho ana haki ya kuuliza iliendeshwa kwa BIOS gani.

Uongo mwingine wa ujumbe ni mdogo lakini umeenea zaidi. Windows huandika tukio la Kernel-Power namba 41, na wengi wakiona neno la umeme hukimbilia pawasaplai. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Huandikwa vilevile umeme ukikatika, prosesa ikiganda au mtu akibonyeza swichi. Matukio ya WHEA-Logger yana habari zaidi, maana hutoka kwenye kifaa chenyewe na mara nyingi hutaja kama ni kiini cha prosesa au njia ya PCIe. Njia ya PCIe ikitajwa baada ya kubadilisha kadi, angalia kama kadi imekaa vizuri, au kama inapitia waya wa kurefusha wa kizazi cha 3 ilhali sloti imewekwa kizazi cha 4. Kushusha sloti kwenye BIOS kunaponya hilo bure.

Mizani

Nikizipima hoja hizi pamoja, siamini kwamba ipo moja inayostahili kuwa ya kwanza kwa kila kompyuta. Kinachoamua ni namna mashine inavyozima. Ikizima ghafla au kujiwasha upya bila ujumbe, uzito uko kwenye umeme, na kwa kompyuta ya ofisi iliyoongezewa kadi uko huko kwa kiasi kikubwa. Skrini ikipotea na kurudi, au gemu ikijifunga peke yake kila mara kwa ujumbe mmoja, anza na draiva na faili za gemu. Makosa yakibadilikabadilika, nenda kwenye RAM, na kwa prosesa za Intel za vizazi vile viwili nenda kwenye prosesa. Na kama ulibadilisha vitu vitatu kwa siku moja, rudisha kimoja kimoja. Kurudisha kadi ya zamani ni jaribio zuri, ila likumbukwe kwamba kadi hiyo inavuta umeme mdogo. Kompyuta ikitulia nayo, huo si uthibitisho kwamba kadi mpya ni mbovu.

Mpangilio wa hatua uongozwe na gharama. Yale ya bure yatangulie: kunakili faili za Minidump, kukaza plagi na RAM, kuzima XMP, kurudisha BIOS kwenye mipangilio ya msingi, kusafisha draiva, kupunguza umeme wa kadi. Kusasisha BIOS kuna faida kubwa, ila umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mama unaweza kufa. Mahali ambapo umeme si wa kuaminika, usasishe ukiwa kwenye UPS au usisasishe siku hiyo. Baada ya hapo ni kuazima: pawasaplai ya rafiki kwa jioni moja ina thamani kuliko ushauri wa mafundi kumi. Kununua kuwe mwisho.

Kuna swali la kupima faida na hasara linalokwepwa kwa sababu halimpendezi anayependa kasi. Kama mashine inatulia XMP ikiwa imezimwa, au kadi ikiwa kwenye asilimia 80 ya umeme wake, je, tatizo limetatuliwa? Kwa aliyenunua vipya, bado, maana amelipia kitu ambacho hakipati, na muda wa waranti unayoyoma. Huyo aende dukani mapema. Kwa aliyejenga mashine ya mtumba kwa hela ya kudunduliza, jibu langu ni ndiyo. Tone la mwisho la umeme huleta fremu chache mno ukilinganisha na joto na hatari inayoongeza, na kompyuta inayomaliza gemu kwa fremu chache ina faida kuliko ya kasi inayozima kabla ya mwisho.

Anayerudi dukani asiende na malalamiko matupu. Achukue risiti, picha za skrini za WHEA-Logger zenye tarehe na saa, kumbukumbu ya HWiNFO ya dakika za mwisho, na jina la kompyuta nyingine ambayo kadi ilijaribiwa ikashindwa vilevile. Aombe kadi ijaribiwe ndani ya gemu kwa angalau nusu saa, maana kuiwasha na kuonyesha eneokazi la Windows hakupimi chochote kati ya vilivyosemwa hapa.